Picha Ipo, Sauti Haipo: Fuata Njia Kabla ya Kumwita Fundi

Jumamosi alasiri, Simba na Yanga wakiwa wanapasha misuli, ndiyo saa ambayo sauti ya televisheni hupenda kukata. Picha ni safi, nyasi zinang'aa, mashabiki wanapunga vitambaa, lakini sebule iko kimya. Mwenye nyumba anabonyeza kila kitufe cha rimoti. Kijana wa jirani anaitwa. Anachomoa nyaya zote nyuma ya televisheni na kuzirudisha kwa kubahatisha. Mechi inafika mapumziko sauti haijarudi, na sasa hata picha imeondoka.

Jumatatu sabufa inabebwa kwa fundi. Fundi anaichomeka, inalia vizuri. Ikirudi nyumbani inanyamaza tena. Hapo ndipo familia nyingi huamua kununua nyingine, na hiyo mpya nayo inakaa kimya, kwa sababu sabufa haikuwa na kosa tangu mwanzo. Kosa lilikuwa kwenye waya, kwenye tundu ulikochomekwa, au kwenye mstari mmoja wa mipangilio ndani ya televisheni.

Tatizo la namna hiyo halihitaji utaalamu mkubwa kulipata. Linahitaji mpangilio, simu yako ya mkononi na waya mmoja wa akiba.

Vituo vimeongezeka

Televisheni ya chogo ilikuwa inajitosheleza. Ilipokea mawimbi ya antena, ikatoa picha na sauti humo humo ndani, na spika yake ilikuwa na kasha la kutosha kupumua. Mambo yalibadilika Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012, ikianzia Dar es Salaam. Kenya ilivuka mwaka 2015. King'amuzi kikaingia sebuleni, kikasimama kati ya antena na televisheni.

Badiliko la pili lilikuja na televisheni bapa. Jinsi zilivyozidi kuwa nyembamba ndivyo spika zake zilivyozidi kupungua, nyingi zikielekezwa chini au nyuma, ukutani. Picha kubwa, sauti nyembamba. Ndiyo maana biashara ya sabufa ilishamiri, kisha zikafuata saundibaa, zile spika ndefu zinazolazwa chini ya televisheni.

Kwa hiyo sauti ya mtangazaji leo ni abiria anayetoka Mbagala kwenda Mwenge, Dar es Salaam, kwa kuunga daladala: king'amuzi ni gari la kwanza, televisheni la pili, sabufa la tatu. Asipofika, hakuna haja ya kusimamisha magari yote ya jiji. Unauliza kituo kwa kituo ameonekana wapi mara ya mwisho.

Anzia katikati

Televisheni iko katikati ya safari hiyo, basi anza nayo. Chomoa waya unaokwenda kwenye sabufa, ingia kwenye mipangilio ya sauti na uchague spika za televisheni yenyewe. Hatua hii ina maana, kwa sababu televisheni iliyowahi kuunganishwa na spika za nje mara nyingi hubaki na amri hiyo hata baada ya waya kuondolewa, ikaendelea kupeleka sauti mahali ambapo hapana kitu.

Televisheni ikitoa sauti ya king'amuzi, nusu ya kwanza ya njia ni nzima. Tatizo liko mbele, upande wa sabufa. Isipotoa, chomeka flashi yenye wimbo au fungua video ya intaneti kama televisheni yako inaweza. Wimbo ukisikika, televisheni haina kosa. Rudi nyuma kwenye king'amuzi na waya wake.

Sabufa nayo ipime peke yake. Washa redio yake ya FM, au ichomekee simu kwa waya. Ikilia, ampu na spika zake ni nzima, na hakuna sababu ya kuibeba kwenda popote. Ikilia upande mmoja tu, hamisha waya wa spika ya kushoto uweke kulia. Ukimya ukihama pamoja na spika, spika ndiyo mbovu. Ukibaki upande ule ule, kosa liko ndani ya ampu.

Kuna kanuni moja isiyovunjwa: badilisha kitu kimoja, kisha sikiliza. Ukibadilisha waya na tundu kwa pamoja, sauti ikirudi hutajua kipi kilikuwa na kosa, na wiki ijayo utaanza upya.

Katika hatua hii angalia pia rimoti zote, maana kila kifaa kina kiwango chake cha sauti. Sauti ya king'amuzi ikiwa sifuri, hata sabufa ya kutikisa madirisha haitasema neno. Ikiwa ya chini sana, utalazimika kuifungua sabufa hadi mwisho, na pamoja na sauti utapandisha kelele yake. Weka king'amuzi karibu na kiwango cha juu, kisha ongeza na kupunguza kwenye kifaa cha mwisho.

Rangi zinazopoteza watu

Nyaya za rangi tatu zina mgawo unaojulikana: njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Kosa kubwa hapa ni kuchanganya IN na OUT. Sauti hutoka kwenye OUT ya kifaa kinachotoa na kuingia kwenye IN ya kifaa kinachopokea. Ukiunganisha OUT kwa OUT kimya kitakuwa kamili, na vifaa vyote viwili ni vizima.

Televisheni zenye nafasi finyu hazina matundu hayo matatu. Zina kitundu kimoja cha milimita 3.5 kinachopokea waya wenye ncha moja upande huu na rangi tatu upande wa pili. Ncha hiyo ina sehemu nne, na watengenezaji hawakukubaliana sehemu ipi ibebe nini. Ndiyo maana waya uliokuja na king'amuzi kimoja unaweza kugoma kwenye kifaa kingine. Ukisikia mlio mkali wa kukwaruza mahali pa sauti, jaribu kubadilishana ya njano na ya nyekundu. Picha ikitokea kwenye nyekundu, umepata jibu: waya si wa kifaa hicho.

Sabufa zenye spika tano ndogo nazo zina mtego wake. Nyuma yake kuna matundu sita yaliyoandikwa 5.1 au AC3, na mengine mawili yaliyoandikwa AUX. Yale sita yalitengenezwa kwa ajili ya deki za DVD zenye njia sita za sauti. King'amuzi chenye njia mbili kikichomekwa huko, spika mbili za mbele tu ndizo zinazosema. Kihamishe AUX, kisha bonyeza kitufe cha kuchagua chanzo mpaka kioo cha sabufa kionyeshe AUX. Wengi huchomeka vizuri na kusahau kitufe hiki cha mwisho.

Usisahau tundu la hedifoni la televisheni. Ndani yake kuna swichi ndogo inayokata spika pindi kitu kinapochomekwa. Vumbi au kutu ikiikwamisha, televisheni huamini kwamba bado kuna hedifoni na kunyamaza. Kuchomeka na kuchomoa ncha mara kadhaa huiachia.

Waya mmoja, masharti matatu

HDMI imepunguza msitu wa nyaya, lakini imeleta maswali yake. Toleo la HDMI 1.4 la mwaka 2009 liliongeza huduma iitwayo ARC, ambayo hurudisha sauti kutoka televisheni kwenda kwenye saundibaa kwa waya ule ule. Huduma hii ina masharti matatu, na moja likikosekana mara nyingi hakuna sauti.

Kwanza, waya uchomekwe kwenye tundu lililoandikwa ARC au eARC. Televisheni inaweza kuwa na matundu matatu ya HDMI, na kwa kawaida moja tu ndilo lenye huduma hiyo. Pili, saundibaa nayo iwe na tundu lenye alama hiyo; tundu lake la kupokelea picha halifanyi kazi hii. Tatu, mawasiliano ya vifaa yawashwe ndani ya mipangilio. Kitaalamu huitwa CEC, lakini kila kampuni imeyapa jina lake: Samsung huyaita Anynet+, LG huyaita Simplink, na Sony huyaita Bravia Sync.

Masharti yote yakitimia na sauti bado haipo, zima kila kitu, chomoa kwenye umeme kwa dakika moja hivi, kisha washa televisheni ikifuatiwa na saundibaa. Vifaa hivi hutambuana vinapowashwa, na utambuzi ukikosewa mara nyingi haujirekebishi hadi vianze upya.

Njia nyingine ni waya wa mwanga, unaobeba sauti kwa mwanga mwekundu. Waya mpya huja na vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zake, na usipoviondoa havitapitisha kitu. Televisheni ikiwa imewashwa, utaona mwanga mwekundu kwenye ncha ya waya. Ukiwapo, televisheni inatuma. Tafuta kosa mbele.

Mara nyingi utalikuta kwenye neno PCM. Sauti ya kidijitali husafiri ama ikiwa wazi, hiyo ndiyo PCM, ama ikiwa imefungashwa, kama Dolby Digital. Kifaa kisichojua kuifungua hunyamaza au hutoa mkwaruzo mkali. Vile visanduku vya bei nafuu vinavyogeuza sauti ya waya wa mwanga kwenda kwenye nyaya nyeupe na nyekundu vingi hupokea PCM pekee. Fungua mipangilio ya sauti ya televisheni, tafuta palipoandikwa "Digital Output" au maneno yanayofanana nayo, na uchague PCM. Utajua ndilo tatizo lako ukiona baadhi ya chaneli zina sauti na nyingine zimenyamaza kabisa: zile kimya huenda zinarushwa kwa Dolby.

Filamu ya kwenye flashi

Kuna ukimya unaowapata wapenzi wa filamu peke yao. Flashi imejazwa kwenye kibanda cha muvi, filamu tisa zinacheza vizuri, ya kumi ina picha bila sauti. Watu hulaumu flashi, wengine hulaumu televisheni.

Sababu ni aina ya sauti iliyowekwa ndani ya faili. Filamu nyingi zilizonakiliwa kutoka kwenye diski za Blu-ray hubeba sauti ya DTS, na mtengenezaji wa televisheni anatakiwa kulipia leseni ili kifaa chake kiweze kuifungua. Samsung iliacha kuiweka kwenye televisheni zake kuanzia mwaka 2018, na LG ikafuata mwaka 2020 kabla ya kuirudisha kwenye baadhi ya televisheni zake za mwaka 2023. Ndiyo maana televisheni ya zamani ya jirani inaweza kuicheza filamu ambayo ya kwako mpya imeikataa.

Hapo hakuna cha kutengeneza. Mwombe mwenye kibanda nakala nyingine ya filamu hiyo yenye sauti ya AAC au Dolby Digital. Kama una kompyuta, icheze humo kwa programu ya VLC, kompyuta ikiwa imeunganishwa na televisheni kwa HDMI; kompyuta itaifungua sauti yenyewe na kuipeleka ikiwa wazi.

Sauti ipo, lakini si yenyewe

Ukimya ni tatizo rahisi kuliko sauti mbaya. Sauti mbaya ina namna nyingi, na kila namna inaelekeza kidole mahali pake.

Muziki upo lakini msemaji amepotea, kana kwamba yuko chumba cha pili. Hapa waya wa ardhi wa plagi ya sauti umekatika au plagi haijaingia hadi mwisho. Sauti ya mtu kwa kawaida huwekwa sawa kushoto na kulia. Njia ya ardhi ikikatika, spika hubaki zikitoa tofauti kati ya pande hizo mbili, na kilicho sawa kinajifuta. Sukuma plagi hadi ibane. Ikigoma, badilisha waya.

Maneno ni madogo, milipuko ni mikubwa. Filamu zenye njia sita huweka mazungumzo kwenye spika ya katikati. Kama huna spika hiyo na kifaa chako kinadhani unayo, mazungumzo yanapelekwa kwenye tundu lisilo na kitu. Chagua "Stereo" au PCM kwenye kifaa kinachocheza filamu, ili njia zote zikusanywe kwenye spika ulizonazo.

Mngurumo wa chini usioisha. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mngurumo huo ndio sauti yake. Mara nyingi hutokea vifaa viwili vinapokuwa na njia mbili tofauti za kufika ardhini, kwa mfano sabufa kupitia plagi ya ukutani na king'amuzi kupitia waya wa dishi. Chomoa waya wa dishi kwa muda. Mngurumo ukiisha, umeupata mzunguko wenyewe. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, au tumia waya wa mwanga kama vifaa vyako vinao, kwa kuwa waya huo haupitishi umeme. Lakini ukichomoa nyaya zote za sauti, ukashusha sauti hadi sifuri na sabufa bado inanguruma, tatizo liko ndani yake, mara nyingi kwenye kapasita za sehemu ya umeme. Hiyo ni kazi ya fundi.

Mikwaruzo inayokuja na kuondoka ukigusa waya. Wakazi wa Zanzibar, Tanga na Mombasa wanaijua vizuri, kwa kuwa hewa ya chumvi hula plagi za nyaya. Zima umeme, futa ncha kwa kitambaa chenye spiriti, acha ikauke, rudisha. Mikwaruzo ikitokea unapozungusha kitufe cha sauti, ni vumbi ndani ya kitufe hicho. Na sabufa iliyokaa kabatini muda mrefu huenda ina wapangaji: mende hupenda joto la ampu, na uchafu wao hula njia za umeme.

Midomo inatangulia, maneno yanafuata. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake BT.1359, linasema mtazamaji huanza kugundua kasoro sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, au ikichelewa kwa milisekunde 125 hivi. Tunavumilia zaidi sauti inayochelewa kwa sababu tumeizoea: mtu anayekata kuni mbali huonekana akishusha shoka kabla ya kusikika. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde 150 hadi 250, yaani hupita kiwango hicho. Kwenye vifaa vingi, mpangilio wa "AV Sync" unaweza tu kuichelewesha sauti zaidi; hauwezi kuiwahisha. Kwa hiyo sauti ikitangulia picha, mpangilio huo ni dawa. Ikichelewa, dawa ni waya.

Mahali pa kuishia

Majaribio yote haya yanafanyika nje ya kasha la kifaa, na hapo ndipo mpaka wa mtu wa nyumbani. Ndani ya televisheni na baadhi ya sabufa, umeme wa volti 230 hugeuzwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita ukiwa na zaidi ya volti 300, na unaweza kubaki humo hata baada ya plagi kuchomolewa. Usifungue.

Usikate wala kuziba pini ya ardhi ya plagi ili kuondoa mngurumo. Pini hiyo ndiyo inayopeleka umeme ardhini kifaa kikipiga shoti. Ukiiondoa, njia ya ardhini inaweza kuwa mwili wako. Na zima vifaa kabla ya kuchomeka nyaya za rangi. Mtekenyo unaousikia kwenye vidole ukigusa chuma cha king'amuzi chenye pini mbili ni umeme mdogo unaovuja, na unaweza kuunguza tundu la sauti.

Kuna kipimo kimoja salama cha spika kabla hujailaani. Ondoa waya wake kwenye ampu, kisha gusisha ncha zake mbili kwenye betri ya rimoti ya volti 1.5, mguso mfupi tu. Spika nzima hutoa mshindo mdogo na utando wake husogea. Isipotoa chochote, koili imeungua au waya umekatika ndani. Kipimo hicho kinaonyesha pia kama nyaya zimepinduliwa: chanya ya betri ikiwa kwenye chanya ya spika, utando husukumwa nje. Spika moja ikifungwa kinyume na mwenzake, besi hupotea hata kama zote ni nzima.

Anayepanga kununua sabufa au saundibaa apige picha ya nyuma ya televisheni yake kabla ya kwenda dukani. Picha hiyo itamwambia muuzaji kama kuna HDMI yenye ARC, tundu la waya wa mwanga au la hedifoni pekee, na itamwepusha mnunuzi na kununua vigeuzi. Ukilazimika kununua kigeuzi, soma mwelekeo wake: kinachotoa HDMI kwenda nyaya za rangi hakifanyi kazi kinyumenyume, hata kama matundu yanaingiliana.

Na siku ukimpelekea fundi kifaa, mpelekee pamoja na nyaya zake na rimoti yake. Mwambie umekipima na chanzo gani, kililia wapi na kiligoma wapi. Fundi mwaminifu atakushukuru, kwa sababu umemwondolea nusu ya kazi. Yule anayesema lazima ubadilishe kifaa chote kabla hajauliza swali hata moja, mwage na utafute mwingine.